Kituo cha mwisho cha reli

Orodha ya waliopangiwa vituo vya kazi ilitoka usiku, na kabla ya saa nne ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za ukoo mzima. Tulikuwa sebuleni kwa mjomba, Tabata, tukitafuta jina moja kati ya mamia. Lilipopatikana, mjomba alijipiga paja akasema alhamdulillahi, binti ameajiriwa. Kisha akasogeza simu karibu na miwani asome safu ya halmashauri. Akanyamaza. Mkewe akauliza, “Wamempeleka wapi?”

“Rukwa,” mjomba akasema. “Ziwani huko.”

Binamu yangu alikuwa na miaka 28. Alikuwa amemaliza miaka mitano ya udaktari, mwaka mmoja wa utarajali, na karibu miaka miwili ya kujitolea kwenye hospitali moja ya mjini akilipwa nauli na sahani ya wali mchana. Majirani walidhani atasubiri orodha nyingine. Wapo wanaofanya hivyo. Wapo pia wanaokwenda kuripoti, wakapata cheki namba, na kabla mwezi wa tatu haujaisha barua ya kuomba uhamisho iko mezani kwa mkurugenzi, imeambatanishwa na cheti cha ndoa au maelezo ya ugonjwa wa mzazi. Siwalaumu, na mbele nitaeleza kwa nini. Yeye alipanda basi hadi Sumbawanga, akateremka bonde la Ufa mpaka mwambao wa Tanganyika, akaingia kwenye boti la injini pamoja na makreti ya soda na mabati ya mtu, godoro lake la nne kwa sita likiwa limefungwa kwa nailoni.

Kila alipokuja likizo nilimuuliza swali lile lile: mbona hurudi? Mwaka wa kwanza alinijibu kwa mkato. “Kaka, nilikuwa nahitaji kazi.” Mwaka wa pili jibu lilikuwa jingine, na mwaka wa nne jingine kabisa. Nimekaa na majibu hayo matatu kwa muda mrefu, nikayaweka kando ya ninayoyajua kuhusu madaktari waliofanya kazi mbali na miji katika pande zetu hizi, na nimefikia kuamini kwamba tunauliza maswali mawili kana kwamba ni moja. Kinachompeleka daktari kijijini ni kitu kimoja. Kinachomfanya awepo pale kesho, na kesho kutwa, na mtondo, ni kitu kingine, na mara nyingi sisi tunaowapeleka tunashughulika na kile cha kwanza tu.

Swali lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu watumishi wa afya wa vijijini, lilieleza kwamba karibu nusu ya watu wa dunia wanaishi vijijini, ilhali madaktari walioko huko hawafiki robo ya madaktari wote. Kwetu Tanzania, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na karibu theluthi mbili yao ni wa vijijini. Mama wa mwambao wa Tanganyika ambaye mtoto amelala vibaya tumboni hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba Muhimbili kuna mabingwa.

Wazee wetu wangelijibu swali hili kwa neno moja: wito. Na zamani neno hilo lilikuwa na watu wa kulibeba. Leader Stirling, daktari Mwingereza, alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 chini ya misheni ya Kianglikana, akafanya kazi Lulindi na baadaye Mnero, mahali ambapo hata leo ukimtajia mtu wa Dar es Salaam atakuuliza ni mkoa gani. Hakurudi kwao. Akawa raia wa nchi hii, akawa mbunge, na kati ya mwaka 1975 na 1980 akawa Waziri wa Afya. Mtu aliyepasua wagonjwa miaka mingi kwenye hospitali za misheni za kusini ndiye aliyekaa wizarani wakati nchi, kwa kulifuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilipokuwa ikielekeza fedha zake kwenye zahanati na vituo vya afya kuliko kwenye hospitali kubwa za mijini. Waliokuwa watoto mwaka 1973 wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wamekaa duara kuizunguka redio ya mkulima, kisha wanatoka kwenda kuchimba vyoo.

Siku hizo daktari alipangwa na serikali, akaenda. Miaka ya 1990, ajira za serikali ziliposimamishwa, mpango huo ukakatika. Leo tumefika penye jambo linaloumiza zaidi: kwenye wilaya moja utakuta kituo cha afya kisicho na daktari hata mmoja, na nyumba chache kutoka makao makuu ya mkoa utamkuta daktari aliyehitimu amekaa kwao, anasubiri kibali cha ajira kitoke.

Kwa hiyo nasikia uchungu neno wito linapotumiwa vibaya, na linatumiwa vibaya sana. Daktari akidai malimbikizo yake, anaambiwa udaktari ni wito. Akiuliza posho ya kujikimu aliyopaswa kuikuta siku anaripoti, anaambiwa ni wito. Madaktari walipogoma nchini mwaka 2012, nyumba za kuishi na posho ya mazingira magumu vilikuwa miongoni mwa madai yao, na hata hapo walikumbushwa wito. Binamu yangu alikula miezi miwili ya kwanza kwa mkopo wa duka la mwenye boti. Mwenye duka hakumwambia habari za wito. Alimwambia, “Chukua, daktari, utalipa wakikulipa.” Nani hapo alifanya kazi ya serikali?

Hata hivyo wito upo kweli, na ukiuchunguza utakuta una tarehe, una mahali, na mara nyingi una mtu fulani aliyekuwa mgonjwa.

Denis Mukwege, aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka 2018, alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Utotoni alikuwa akifuatana na baba yake kwenda kuwaombea wagonjwa. Siku moja walikwenda kwa mtoto aliyekuwa mahututi. Mchungaji akaomba, wakaaga. Njiani Denis akauliza mbona baba hakumpa yule mtoto dawa, kama anavyompa yeye anapougua. Baba akamweleza kwamba yeye si mganga, kazi yake ni kuomba. Basi mtoto akaamua kazi iliyobaki ataifanya yeye. Alisoma udaktari Bujumbura na kuhitimu mwaka 1983, akiwa na nia ya kuwa daktari wa watoto, akaenda kufanya kazi hospitali ya Lemera, milimani kusini mwa Bukavu.

Naomba msomaji akae hapa Lemera pamoja nami kidogo, maana mara nyingi simulizi ya Mukwege huanzia Panzi, kwenye hospitali aliyoianzisha mwaka 1999 na wanawake waliojeruhiwa kwa vita. Lemera ndiko alikopatikana. Alikwenda kutibu watoto, akakuta akina mama wanafikishwa wakiwa wamebebwa kwa masafa marefu, wanavuja damu, wengine wamechelewa mno. Watoto aliokusudia kuwatibu walikuwa wanakuwa mayatima kabla hajawagusa. Hakuna mhadhara wa chuo ungeweza kumfundisha jambo hilo. Kijiji kilimwonyesha ni daktari gani kinamhitaji, naye akakubali kuwa huyo. Akaenda Angers, Ufaransa, akasomea uzazi na magonjwa ya wanawake. Mwaka 1989 akarudi kule kule milimani, wakati ambapo bingwa mwenye cheti cha Ufaransa angeweza kubaki Ufaransa akaishi vizuri. Tarehe 6 Oktoba 1996 Lemera ilivamiwa, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Yeye hakuwepo siku hiyo. Panzi ilianzia kwenye kumbukumbu ya Lemera.

Matthew Lukwiya wa Uganda ana njia nyingine. Yeye alirudi nyumbani. Alizaliwa Kitgum mwaka 1957, Mwacholi, akafiwa na baba akiwa mdogo, akasoma kwa kuongoza darasa hadi Makerere. Mwaka 1983 alikwenda kwa ajili ya utarajali hospitali ya Lacor, nje kidogo ya Gulu, hospitali ya misheni ambayo Piero Corti wa Italia na mkewe Lucille Teasdale wa Kanada walikuwa wameijenga kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1990 alikuwa Liverpool akisoma shahada ya uzamili ya magonjwa ya watoto ya nchi za joto. Alifanya vizuri kiasi kwamba alitakiwa abaki afundishe. Akarudi Lacor, kaskazini mwa Uganda, vita vikiwa vimepamba moto. Kabla ya safari hiyo, mwaka 1989, waasi walikuwa wamekuja hospitalini kuwachukua watawa wa Kiitaliano. Yeye alijitoa achukuliwe badala yao, akakaa mikononi mwao kwa karibu wiki moja.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala, amerudi shule tena, safari hii kusomea afya ya jamii, alipopigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wa Lacor wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alifika, akakesha na vitabu, akatambua kwamba ni ebola kabla maabara haijathibitisha. Mlipuko ule uliua watu 224. Tarehe 5 Desemba yeye mwenyewe akawa mmoja wao.

Nikiwatazama wawili hawa, naona jambo ambalo linasahaulika tunapowasifu. Wote wawili waliondoka, na zaidi ya mara moja. Waliondoka kwenda kusoma, wakarudi na mikono iliyojua zaidi. Kumbe hata kuondoka kunaweza kuwa sehemu ya kubaki, mradi njia ya kurudi iwe wazi.

Wito wa mtu mmoja mmoja haujazi mikoa 26 ya Tanzania Bara. Hapo ndipo watafiti wanatusaidia, na wamekuwa wakisema jambo moja kwa miongo mingi, Australia, Marekani, Norway, Afrika Kusini: anayekubali kijiji zaidi ya wengine ni aliyezaliwa kijijini. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 uliliweka hilo mbele kabisa. Sababu si ngumu. Aliyekulia penye kibatari haogopi giza. Anajua kusalimia, anajua nani wa kumwona kwanza anapofika, hashangai kuku akiwa ndiyo shukrani ya mgonjwa, na ukimya wa saa mbili usiku haumtii wazimu.

Lakini hapa kwetu kuna ukuta kabla hajafika chuoni. Ili usome udaktari unahitaji fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita, tena kwa alama za juu. Shule nyingi za kata zimejengwa bila maabara iliyokamilika, na ziko ambazo mwalimu wa fizikia ni mmoja au hayupo. Yule mtoto ambaye angerudi kuwatibu watu wa kwao tunampoteza kidato cha pili, mbele ya ubao ulioandikwa jaribio la kemia ambalo hajawahi kuliona kwa macho. Baadaye tunashangaa kwamba darasa la madaktari limejaa watoto wa mijini, na tunawalaumu kwa kupenda mji waliozaliwa.

Ziko sehemu zilizoukata ukuta huo kwa makusudi. Japani ilianzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi mwaka 1972: kila mkoa unapeleka vijana wake, ada wanasamehewa, na wakihitimu wanautumikia mkoa wao kwa miaka tisa. Mfano unaonigusa zaidi ni mdogo na uko karibu. Ingwavuma, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, hospitali ya Mosvold ilichoka kusubiri madaktari kutoka mbali. Mwaka 1999 ikaanza kuwafadhili vijana wa sekondari za jirani. Kwanza wanakuja kujitolea wodini, waone damu na usaha kwa macho yao. Kisha wanahojiwa na wafanyakazi na watu wa pale pale. Wakichaguliwa wanalipiwa chuo, na kila likizo wanarudi hospitalini kufanya kazi. Wakihitimu wanatumikia mwaka mmoja kwa kila mwaka waliolipiwa. Mpango huo ulikua ukazivuka Mosvold na Ingwavuma. Kinachonivutia ni kwamba kijana anaondoka akiwa tayari ana mahali pake: kuna wodi inayomjua kwa jina, kuna mkunga anayemuuliza mtihani ulikuwaje.

Sasa nirudi kwa binamu yangu, maana yeye ni mtoto wa Tabata na hakuna utafiti ungembashiria miaka mitano ziwani.

Mwaka wa pili nilipomuuliza, aliinua uso akacheka. “Kaka, nimepata mtu wa usingizi.”

Nilidhani ananitania. Akanieleza. Kituo chake kilikuwa na chumba cha upasuaji kipya, kimojawapo cha mamia yaliyojengwa au kukarabatiwa nchini tangu mwaka 2017 ili mama apasuliwe karibu na kwake. Taa zipo, kitanda kipo, yeye daktari yupo. Aliyekosekana ni wa kumlaza mgonjwa. Kwa mwaka mzima kila mwenye uzazi pingamizi aliandikiwa rufaa, akapakiwa botini na muuguzi, usiku, kwa saa kadhaa za mawimbi. Yeye alibaki gatini akitazama taa ya boti ikipungua. “Nilisomea kazi hii,” aliniambia, “halafu naifanya kwa kalamu.” Kisha muuguzi mmoja wa makamo aliyekuwa amepelekwa kozi ya usingizi akamaliza, akarudi. Wiki ile ile walimpasua mama wa kwanza. Mwaka huo wote binamu yangu hakupeleka barua ya uhamisho, ingawa nakala aliyoiandaa alikuwa nayo kwenye begi.

Hilo la kuweza kufanya kazi halizungumzwi vya kutosha. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2011 uliwauliza vijana wa Tanzania waliokuwa wanamaliza mafunzo ya utabibu wangechagua kazi gani, wakipewa kulinganisha mshahara, nyumba, vifaa na nafasi ya kusoma. Fedha zilikuwa na uzito wake, tena mkubwa. Lakini nafasi ya kurudi shule baada ya kutumikia muda fulani ilivuta kwa nguvu sana, na wanawake walijali kuliko wanaume kama mahali pale wataweza kuifanya kazi yenyewe vizuri. Nilipousoma nilimkumbuka mtu gatini, anatazama taa ya boti.

Na tukizungumzia kazi, ni lazima niwataje wale ambao makala za aina hii huwaruka kwa sababu si madaktari kamili kwa cheti. Tangu miaka ya 1960 Tanzania iliwafundisha madaktari wasaidizi, matabibu walioongezewa miaka miwili pamoja na upasuaji. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi wa hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma: katika kila upasuaji mkubwa wa uzazi 100, karibu 85 ulifanywa na daktari msaidizi, na matokeo yake hayakuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada. Ndio waliotuzalishia nusu ya nchi. Walibaki wilayani kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kwamba cheti chao hakikutambulika ng'ambo, lakini pia kwa sababu walitoka huko, na huko walikuwa wakubwa. Katika hospitali ya wilaya, daktari msaidizi mwenye miaka 20 ya kisu ndiye anayemfundisha mwenye shahada aliyefika jana. Binamu yangu mwenyewe amefundishwa na mmoja wao kushona mfuko wa uzazi uliochanika. Anamwita baba.

Kigoma ndiko reli inakoishia. Ilifika huko mwaka 1914, na kwa miongo mingi mtumishi aliyepangwa Kigoma alijua kwamba anakwenda mwisho wa kila kitu: siku mbili au zaidi ndani ya behewa, na mbele yake ziwa. Katika miaka ya 1980 hospitali ya mkoa ilikuwa inapoteza akina mama kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 1984 kiwango kilikuwa vifo 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Dk. Godfrey Mbaruku, daktari wa uzazi, pamoja na wenzake wa pale walikaa wakapitia majalada ya waliokufa, moja baada ya jingine, wakiuliza hapa tulishindwa wapi. Kisha wakaorodhesha mambo 22 ya kurekebisha. Hawakusubiri mfadhili. Walianza na kilichokuwa chini ya mikono yao, na watu waliokuwepo. Kufikia mwaka 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186.

Nimeisoma taarifa ya kazi ile mara kadhaa na kila mara nasimama mahali pale pale: miaka saba. Mtu hawezi kushusha kiwango cha vifo vya akina mama akiwa na barua ya uhamisho mfukoni. Jalada la kwanza linahitaji aliyekuwepo usiku ule, na la mia linahitaji anayekumbuka la kwanza. Wanapobadilishana madaktari kila miezi minane, kila mmoja anakuta vifo ambavyo si vyake na anaacha vingine kwa mwenzake, na hakuna anayejifunza. Mbaruku baadaye akawa naibu mkurugenzi wa Taasisi ya Afya Ifakara, akaendelea kuandika kuhusu uzazi salama hadi alipofariki mwaka 2018. Takwimu za kitaifa zilizotolewa baada yake zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Natamani angeziona.

Niliahidi kueleza kwa nini siwalaumu wanaoondoka. Wengi hawaondoki kwa sababu ya kijiji. Mume ni mwalimu wilaya nyingine na halmashauri mbili hazikubaliani nani amwachie mwenzake. Mtoto amefika miaka sita. Nyumba ya mtumishi iko kwenye ramani tu. Mpango wa mwaka 2007 wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata ulijenga kuta nyingi, na ni jambo jema, lakini mahali pengi nyumba ya kumlaza mtumishi ilisubiri awamu ijayo. Taasisi ya Benjamin Mkapa ilipoanza kuwapeleka watumishi wilaya za pembezoni, na baadaye ikajenga nyumba zao, ilikuwa imeelewa jambo ambalo mama mwenye nyumba yeyote analielewa: mgeni asiye na pa kuweka begi hakai. Kuna daktari ninayemfahamu aliyelala kwenye chumba cha dawa miezi mitano. Alipoomba kuhama aliitwa msaliti kwenye kikao. Mimi namwita mtu aliyevumilia miezi mitano.

Mwaka wa nne binamu yangu alikuja likizo amekonda kidogo. Tulikaa barazani, mjomba akiwa ameshalala. Sikumuuliza, alianza mwenyewe.

“Kaka, nimefika mwisho wa ninachokijua.”

Akanisimulia mama mmoja, mke wa mvuvi, mimba ya tano, kondo limeshika kwenye kovu la zamani. Walifungua tumbo, akaona asichowahi kukiona. Walimwokoa, kwa damu ya watu wanne waliotoka ufukweni na nguo zao za uvuvi, na kwa yule daktari msaidizi kumwelekeza kwa simu iliyowekwa spika juu ya kabati la vyombo. “Alipona,” alisema. “Lakini mimi sikujua. Nilikuwa nabahatisha.” Hakulia. Alisema tu kwamba hataki kubahatisha tena juu ya mwili wa mtu.

Mwaka jana aliomba ruhusa ya masomo. Ilichukua miezi kumi na moja, safari tatu za boti kwenda kufuatilia saini, na mganga mkuu wa wilaya mmoja aliyeng'ang'ania jalada lisipotee. Huyo nampa heshima yangu yote hapa bila kumtaja. Sasa yupo Muhimbili, mwaka wa kwanza wa ubingwa wa uzazi. Alifika Tabata jioni moja na begi dogo la mgongoni.

Mjomba alilitazama begi, akatazama mlangoni. “Mizigo mingine inakuja lini?”

“Hakuna mingine, baba.”

“Na godoro?”

“Nimeliacha. Liko kwa yule mama wa usingizi, nimelifunga kwa nailoni ile ile, nimelipandisha darini panya wasilifikie.”

Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena.